Mbona kwenye video inaenda, kwangu inakwama? Nyimbo za fidla za blugrasi kwa gitaa, na pa kuangalia zikikataa

Juzi kijana mmoja wa Shela alinijia dukani na gitaa mgongoni, jasho linamchuruzika, hata maji hajaomba ashaanza, "Kaka, mimi vidole vizito, hii kitu sikuumbiwa." Nikamwambia kaa hapo barazani upige nikuone. Akapiga. Vidole vya kushoto havina neno, vinafika kila freti, vile vyuma vya shingoni, kwa wakati wake. Mkono wa kulia sasa ndio balaa, unashuka unapanda bila mpango kama mtu anafukuza nzi kwenye samaki. Yaani miezi minne anaukanda mkono usiouma.

Ndio nikaona niandike, maana tunaojifunza kwa video hatuna mtu wa kukaa naye barazani akatutazama, video haikutazami, wewe ndio unaitazama. Mimi mwenyewe nimejifunza hivyo hivyo hapa Langoni, Lamu, kwa simu iliyopasuka kioo, na karibu kila kosa nitakalotaja nimelifanya, mengine nayafanya mpaka leo. Nikitafuta tatizo naanza na gitaa lenyewe, halafu video, halafu mkono wa kulia, na vidole vya kushoto mwisho kabisa, tena mara nyingi huko sifiki.

Kwa ambaye kaingia sasa hivi: blugrasi ni muziki wa Marekani, jina limetoka kwa bendi ya Bill Monroe, mtu wa Kentucky, bendi yake ikiitwa Blue Grass Boys. Ni fidla, banjo, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama, ngoma kwa kawaida hakuna. Nyimbo za fidla zenyewe ni kongwe kuliko hiyo bendi, nyingi zilivuka bahari na watu wa Ireland na Scotland, na gitaa zamani kazi yake ilikuwa kushikilia kodi tu (kodi za muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, zile nyingine mwenyewe unazijua). Kupiga melodi yote kwa gitaa na piki, kile kipande kigumu cha kugusia nyuzi, mtindo wanaouita flatipikingi, ni jambo la juzi juzi, kwa hivyo ukiona mkono unakataa, ujue unalilazimisha gitaa kusema maneno ya fidla.

"Gitaa gumu, vidole vinawaka moto"

Hili ni letu sisi kuliko la mwalimu wa Marekani, ndio maana kwenye masomo yake hulisikii. Gitaa la mbao linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, Lamu tunapita hapo bila hata kupunga mkono. Mbao inakunywa, kifua cha gitaa kinavimba, kikivimba kinanyanyua daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kifuani, na daraja linanyanyua nyuzi, unajikuta unabonyeza kama unafunga kamba ya jahazi.

Pima kwa rula kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi: uzi mnene kabisa milimita 2.5 hivi, uzi mwembamba 2 au pungufu kidogo. Ikiwa umekuta 4, acha kujilaumu. Halafu ujue ni shingo au ni kifua: bonyeza uzi mnene freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja utazame katikati, freti ya 7. Ikipita karatasi tu, shingo nzima, mgonjwa ni kifua. Ikipita kadi ya benki, shingo imepinda, na kile chuma cha ndani ya shingo kinataka kukazwa, robo mzunguko tu kufuata mshale wa saa, uache mpaka kesho, upime tena. Kama hujawahi, usianzie na gitaa la kuazima!

Kifua kikivimba usikimbilie kusugua kile kimfupa cha darajani kwa msasa, likija kukauka nyuzi zitagusa freti na utakuwa umeharibu pande zote mbili. Likaushe kwanza. Tia kwenye mfuko wake vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, waombe wenye duka, wanavitupa. Na usilitundike kwenye ukuta wa mawe wa nyumba zetu hizi za zamani, unalionea fahari kumbe ukuta unavuta maji kutoka chini na gitaa limeegemea hapo usiku kucha.

Nyuzi ni hesabu nyingine. Chumvi ya bahari na ya jasho inazila, ukiona zimeacha weusi vidoleni au tyuna, kile kipima sauti, inasema sawa nyuzi zikiwa wazi lakini ukibonyeza freti ya 12 zinapotea, zishakufa hizo, zibadilishe. Mimi napangusa kila nikimaliza kwa kipande cha leso iliyochakaa, kila uzi juu na chini, na nanunua zile zilizopakwa utandu, ni ghali lakini zangu naagiza Mombasa mpaka zifike Mokowe na kuvuka boti, sitaki kuagiza kila mwezi. Na wale walimu wanaosema lazima nyuzi nene za 13, hizo namba ni unene wa uzi mwembamba, kwa sehemu za elfu moja za inchi, waache na gitaa lao zuri. Anza na 12. Nikikuta mtu anaanza na 10 pia namkataza, zinalegea chini ya piki.

"Mwalimu akipiga tamu, mimi nikipiga naye makelele"

Angalia shingo ya gitaa lake kwenye video. Kuna kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni? Mara nyingi iko freti ya 2 na yeye kaisema mara moja haraka haraka kwenye dakika ya kwanza wakati wewe unatafuta piki ilipoangukia.

Sababu ni hii. Fidla inafungwa G, D, A, E, kwa hivyo mpiga fidla anastarehe kwenye nyimbo za A na D, yaani zinazotulia kwenye noti hizo, maana nyuzi wazi zinamsaidia. Gitaa starehe yake ni G na C. Basi mpiga gitaa anashika maumbo ya G na kuweka kapo ya 2, inatoka A, au maumbo ya C na kapo ya 2, inatoka D. Kila mtu kakaa kwao na muziki umekutana katikati. Ukipiga bila kapo uko chini ya mwalimu kwa freti mbili kamili, ndio makelele yenyewe.

Kapo ipo na bado mbaya? Iweke karibu na freti, isikae katikati ya nafasi, isivute nyuzi pembeni, na ufunge nyuzi upya baada ya kuiweka. Tena kuna nyimbo za A, Old Joe Clark ni moja, ambazo noti ya saba ya skeli imeshushwa, wanapiga G ya kawaida si G ya kupandishwa. Ukishika umbo la G na kapo, hiyo inakuwa F ya kawaida na kodi ya F. Mtu aliyezoea skeli ya do re mi anaipandisha bila kujijua halafu anasema wimbo una kasoro.

"Somo la moja kwa moja, mwalimu anasema niko nyuma kila siku"

Hauko nyuma, sauti ndio iko njiani. Inatoka kwako inavuka bahari inafika kwake imechelewa, ya kwake nayo inachelewa kurudi, na hakuna bando la kuliondoa hilo. Msipige pamoja. Zima sauti yako, yeye apige, wewe umfuate, halafu yeye anyamaze wewe upige peke yako.

Na kama anakwambia noti zako zinakatika katika au zinafifia, programu nyingi za mikutano ya video zimetengenezwa kwa watu kuongea, noti ya gitaa inayodumu zinaihesabu ni kelele ya feni, zinaifuta. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uzime kupunguza kelele, nyingine zina sehemu maalumu ya wanamuziki. Kwangu mimi programu ilikuwa inafuta gitaa lakini punda wa jirani akilia anapita mzima mzima mpaka Marekani, mwalimu akawa anamuulizia hali yake.

Video za kurekodi ni rahisi, zishushe usiku uwe nazo kwenye simu, na ukipunguza spidi shuka mpaka 0.75 kwanza, kwa 0.5 noti zinaanza kupakana matope na unajifunza kitu ambacho hakikupigwa.

"Polepole naweza, nikiongeza spidi kila kitu kinamwagika"

Hapa tukae. Ndipo alipokuwa yule kijana, na ndipo walipo wengi wanaonijia.

Kila kipimo cha wimbo kina noti fupi nane, moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Namba inashuka, "na" inapanda. Sheria nzima ni hiyo. Sasa wimbo haujazi nafasi zote nane kila wakati, kuna noti ndefu inayokula "moja-na" yote, na hapo mkono wa anayejifunza unasimama kungoja. Ukishasimama, unaanza tena kwa upande wowote uliokaribu, na kuanzia hapo kila kitu kimegeuka, namba zinapanda na "na" zinashuka. Ukiwa polepole hutajua, polepole hata ukipigia kijiko itatoka. Ndio maana "polepole naweza" mimi siiamini, polepole inaficha.

Mkono hautakiwi kusimama. Noti ndefu ikija, mkono unapanda hewani bila kugusa uzi, halafu unashuka kwenye namba inayofuata. Mtazame mtu anapiga kafi, kafi ikitoka majini mkono wake haujasimama, unarudi mbele mtupu kuchukua maji mengine.

Kujua kama ni ugonjwa wako, laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote zisitoe sauti, halafu piga wimbo mzima kwa mkono wa kulia tu, chaka-chaka-chaka, na mapengo yake. Ukishindwa hapo, mkono wa kushoto hauna kesi, mwachie huru. Halafu jirekodi mkono kwa simu, uiangalie kwa nusu spidi ukisema kwa sauti shuka, panda, shuka, panda. Utaona aibu, mimi niliona.

Mimi ugonjwa wangu ulitoka kwenye udi. Sisi tuliokulia na kanda za marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu yule, udi tumeuingiza kabla ya gitaa, na nilivyozoeshwa mimi nikihama uzi nashuka, haijalishi mkono ulikuwa wapi. Kwenye udi inapendeza, uzi mpya unaanza na uzito. Kwenye blugrasi nikawa na shuka-shuka mbili mfululizo kila nikivuka uzi, na kila mara nachelewa kidogo tu, kama mtu anayejikwaa kwenye ngazi ile ile ya nyumba yake. Mwaka mzima nikasema ni vidole.

Kuongeza spidi, weka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, igonge mara 50 kwa dakika, noti nne kila ikigonga. Ukipita mara tatu bila kosa ongeza 4. Wenyewe wakikutana wanaenda 100 na zaidi kwa hesabu hiyo, usione haya kukaa 60 mwezi mzima. Ukigota mahali, usirudie wimbo wote toka mwanzo kama kasuku, tafuta zile noti mbili zinazomwagika, maana karibu kila mara ni mbili tu, na karibu kila mara ni pale unaposhuka kwenye uzi mwembamba halafu unapanda kwenye uzi mnene uliopakana nao, piki inabaki upande usiotakiwa na lazima iruke kurudi. Zirudie hizo mbili tu, mara hamsini, halafu noti moja kabla na moja baada.

"Noti zote sawa lakini inasikika kama harusi"

Huu ni ugonjwa wa pwani na siuonei haya. Umekua unasikia chakacha ya harusini, sikio lako linapanga sita sita, tatu na tatu, na bila kujua unazivuta noti ziingie humo. Wimbo unaanza kuyumba kiuno. Blugrasi inagawa mbili mbili, imenyooka, besi inapiga kwenye mguu na mandolini inakata katikati, bum-cha, bum-cha, hiyo "cha" ndiyo ngoma yao.

Dawa yake weka metronomu iwe "cha", isiwe "bum". Yaani ikigonga wewe unasema "cha", na "bum" unaitoa mwenyewe mdomoni au kwa mguu. Siku mbili za kwanza utapotea kila saa. Ukishaweza kupiga sehemu moja ya wimbo namna hiyo bila metronomu kukugeuka ikawa "bum", ushapona. Ila ukitaka kuirudisha chakacha siku ya harusi hakuna atakayekushtaki, mimi nimefanya na akina mama wamecheza.

"Nikizima skrini nimesahau wimbo"

Tabu. Simaanishi matatizo, nasema ile karatasi ya namba za freti wanayokupa chini ya video, jina lenyewe limejieleza. Umejifunza namba, sikio halijui kitu, kwa hivyo ukikosea namba moja huna pa kurudi.

Doc Watson wa North Carolina, aliyezaliwa 1923, alipoteza macho kabla hajafikisha mwaka. Miaka ya 1950 alikuwa anapiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi isiyokuwa na mpiga fidla, watu wanataka nyimbo za fidla za kuchezea, basi akazihamishia kwenye gitaa. Hiyo ndiyo njia tunayoipita sote leo, na aliyeifyeka hakusoma tabu hata moja.

Kwa hivyo kabla ya kushika gitaa, uimbe. La-la-la inatosha, njiani, msikitini ukitoka, kwenye boti. Mama yangu siku ya ishirini aliniuliza kutoka jikoni, "Yeo nao ni huo huo?" Nikajua umeingia, maana hata yeye alishaanza kuuvumisha kwenye sufuria. Halafu jua wimbo wenyewe ulivyojengwa, kama nyumba: nyimbo nyingi zina sehemu ya kwanza vipimo 8, unairudia, sehemu ya pili vipimo 8, unairudia, jumla 32. Wanaopotea wengi wanapotea kwenye kurudia, hawajui wako mara ya kwanza au ya pili, na mwisho wa sehemu zote mbili mara nyingi unafanana. Jifunze kodi kwanza, ukiwa na kodi hata ukianguka unajua umeanguka chumba gani.

Na ukikuta walimu watatu wanapiga wimbo mmoja tofauti, hakuna aliyekosea. Chagua mmoja umalize naye.

"Sauti nyembamba, haijai"

Upinde wa fidla unashikilia noti unavyotaka, uzi wa gitaa unaanza kufa pale pale ulipoguswa. Kupiga kwa nguvu hakusaidii, unapata mlio wa kugonga tu. Kinachosaidia ni kuacha vidole vya kushoto vimekaa kwenye umbo la kodi, usinyanyue kidole mpaka kitakiwe kwingine, noti ziendelee kuimba chini wakati mpya inaingia.

Halafu tazama piki. Wengi hapa tunakata kadi ya benki iliyokwisha, ni milimita 0.76, inapinda na inachelewa kurudi. Tafuta ya 1 mpaka 1.5. Wazee wa Marekani walipenda za gamba la kasa, ng'amba hasa, na najua kuna mtu huku ana kipande kabatini kwa babu yake anafikiria kukichonga. Kiache. Biashara yake imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1970, na sheria ya Kenya inamlinda kasa, usiingie matatani kwa ajili ya piki. Plastiki nene iliyosuguliwa kingo kwa msasa laini inatosha sana.

Kifundo kikiuma, pumzika, legeza unavyoshika piki. Vidole vikifa ganzi usisome hapa, nenda kwa daktari.

"Peke yangu naweza, nikikaa na mwenzangu napotea"

Kwa sababu peke yako ukikosea unasimama, unarekebisha, unaendelea, na hujui kama umesimama. Rekodi kodi zako mwenyewe kwenye simu, raundi tano mfululizo, halafu piga melodi juu yake. Ile haikungoji. Ukianguka nyamaza, sikiliza, ingia sehemu inayofuata.

Mimi wa kukaa naye ni ami yangu mwenye udi, kwenye blugrasi hajui hata jina moja lakini sikio lake ni la hatari. Udi hauna kapo, kwa hivyo mimi ndio namfuata: nachagua nyimbo za D, nashika umbo la C na kapo ya 2, yeye anashikilia D yake chini kama bahari. Tukagota kwenye noti moja, ile ya tatu ya skeli. Yeye anaiteremsha kidogo, si ya furaha si ya huzuni, katikati, inavyotakiwa kwenye udi, na mimi kodi yangu inayo ile ya freti, zinagombana mpaka meno yanauma. Nikasema, "Ami, tafadhali ipandishe kidogo." Akasema, "Wewe ishushe." Gitaa lina freti, sina pa kushushia. Basi nimeitoa kwenye kodi: uzi wa 4 naulaza kwa ncha ya kidole usilie, uzi wa 1 siugusi, nabaki na wa 5, wa 3 na wa 2 peke yake, na yeye noti yake anaipiga anavyotaka.